Maski ya Pumzi Si Alama ya Kifo

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama na vijana mnaosoma ukurasa huu nyumbani, leo tunasema juu ya kitu ambacho watu wengi wanakiogopa: maski ya pumzi ya hospitali.

Kwanza tusichanganye maski mbili. Kuna maski ya mavumbi, ile unayopewa kazini na ambayo wengine wanaivaa shingoni kama tai. Maski tunayoisema leo ni nyingine. Inafunika pua na mdomo, ina ukingo laini wa mpira, na inafungwa kwa mikanda nyuma ya kichwa. Bomba linaiunganisha na mashini ndogo inayosukuma hewa kwa nguvu iliyopimwa. Wanganga wanaitumia kumsaidia mgonjwa kupumua bila kumtia mpira kooni. Kwa kifupi cha Kifaransa wanaiita VNI.

Jamaa wakimkuta baba yao amefungwa maski hiyo, wengi wanaanza kulia. Wanasema: "Amekwisha, wamemfikisha kwenye mashini." Wengine wanamwomba munganga aiondoe ili mgonjwa apumzike. Wengine wanamweka mgonjwa nyumbani siku tatu, siku nne, kwa kuogopa kwamba akifika hospitali atafungwa mashini na hatarudi tena. Tangu ugonjwa wa Covid ulipoenea mwaka 2020, woga huo umeingia katika nyumba nyingi.

Maoni yetu ni haya. Maski ya pumzi ni chombo cha kazi, kama jeki au winchi. Mkononi mwa mtu aliyefundishwa, na kwa wakati wake, inaokoa. Ikiletwa kuchelewa, au ikiachwa peke yake bila mtu wa kuiangalia, haiokoi, na inaweza hata kuumiza. Mambo mawili ndiyo yanayookoa maisha: mgonjwa kufika mapema, na mtu anayejua kazi kukaa karibu naye. Mashini inakuja nyuma ya hayo mawili. Soma mpaka mwisho, utaona kwa nini.

MAPAFU NI KAMA SHIMO LA KAZI

Mtu anayefanya kazi chini ya udongo ataelewa jambo hili upesi kuliko mtu wa ofisi. Ukishuka katika shimo la Kipushi au la Kamoto, unajua kwamba mambo mawili yanakuweka hai. Hewa safi lazima isukumwe mpaka mwisho wa njia, kule watu wanakotoboa mawe, na hewa iliyotumika lazima itoke. Tena paa lazima lishikwe. Paa likianguka, hata feni kubwa namna gani haipitishi hewa.

Mapafu ni hivyo hivyo. Ndani yake mna vijumba vidogo vya hewa, mamilioni na mamilioni. Katika vijumba hivyo damu inapokea oksijeni na kuacha hewa iliyotumika. Ugonjwa ukiingia, vijumba vingine vinajifunga. Njia za hewa zinakuwa nyembamba. Misuli ya kifua inafanya kazi mara mbili, mara tatu, kama mtu anayesukuma wagoni mchana kutwa bila mwenzake wa zamu kuja kumpokea. Mwisho inachoka. Hewa iliyotumika inabaki ndani, damu inajaa asidi, na mgonjwa anaanza kusinzia.

Hapo watu wa nyumbani wanafurahi. Wanasema: "Tangu juzi hakulala, sasa amepata usingizi, msimwamshe." Angalieni sana! Mtu aliyehangaika na pumzi siku nzima, kisha akasinzia ghafula na kujibu maneno yasiyoeleweka, huenda hakupata nafuu. Hewa iliyotumika inamlevya. Huyo ni wa kupelekwa hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.

Mashini ya pumzi inafanya kazi mbili. Mgonjwa akivuta hewa, inasukuma pamoja naye: hiyo ni kazi ya feni. Akitoa hewa, inaacha nguvu kidogo ndani ili vijumba visijifunge: hiyo ni kazi ya nguzo zinazoshika paa. Kuna mashini zenye nguvu zote mbili, na kuna zile zenye nguvu moja tu, ya kushika.

Nguvu hiyo inapimwa kwa sentimita za maji. Ukitaka kuijua, tia mrija ndani ya chupa ya maji mpaka kina cha sentimita 5, kisha pulizia mpaka mapovu yatoke. Nguvu uliyotumia ndiyo 5. Kwa mtu mzima, mara nyingi wanganga huanza na 4 au 5 za kushika, na 10 mpaka 15 za kusukuma. Kisha wanapandisha polepole, wakimwangalia mgonjwa. Unaona basi kwamba kwa kawaida mashini haipasui mapafu, kama wengine wanavyodhani. Hewa ya kompresa ya kazini ina nguvu inayozidi hiyo mara mamia.

OKSIJENI NI JAMBO LINGINE

Wengi wanafikiri maski hiyo na oksijeni ni kitu kimoja. Sivyo. Oksijeni ni chakula cha damu. Mashini ni mkono unaosaidia kifua. Mgonjwa anaweza kupewa oksijeni bila mashini, au vyote viwili pamoja.

Tunasema hivyo kwa sababu ya jambo moja la hatari. Mtu anayemchunga mgonjwa anaona baba anahema. Muuguzi ametoka kidogo. Basi anakwenda kwenye chupa ya oksijeni na kufungua zaidi, akisema: "Ikiwa kidogo ni dawa, nyingi itamponya upesi." Mwenye mapafu yaliyochakaa kwa tumbako, moshi au mavumbi anaweza kuumizwa na oksijeni nyingi: hewa iliyotumika inazidi kujaa katika damu yake. Wanganga wa Tasmania, huko Australia, walionyesha jambo hilo mwaka 2010. Walifuata wagonjwa 405 waliochukuliwa na gari la hospitali kwa shida ya pumzi. Kati ya waliopewa oksijeni nyingi, 9 katika 100 walikufa. Kati ya waliopewa kwa kipimo, walikufa 4 katika 100. Kwa wagonjwa wa namna hii kipimo kinachotafutwa ni 88 mpaka 92 kwenye kile kidude cha kubana kidole. Ukiona 90, usishtuke, na usiguse kifungulio. Mwite muuguzi.

CHOMBO HIKI KILITOKA WAPI

Mwaka 1928, huko Boston Marekani, Philip Drinker na Louis Shaw walitengeneza sanduku kubwa la chuma. Mgonjwa alilala ndani, kichwa kikabaki nje. Hewa ya sandukuni ilipopunguzwa, kifua kilifunguka na pumzi ikaingia. Sanduku hilo liliwasaidia sana wagonjwa wa polio. Inafaa ujue kwamba huyo Drinker alikuwa mtu wa afya ya kazini: mwaka 1936 yeye na Theodore Hatch walitoa kitabu juu ya mavumbi ya viwanda. Mtu yule yule alishughulika na mashini ya pumzi na mavumbi ya kazi. Mbele kidogo tutasema kwa nini mambo hayo mawili hayaachani.

Mwaka 1952 polio iliupiga mji wa Copenhagen, huko Denmark. Munganga Bjørn Ibsen alianza njia nyingine: kutoboa koo, kutia mpira na kupuliza hewa kwa mfuko. Mashini hazikutosha. Basi mamia ya wanafunzi wa uganga walikaa zamu kwa zamu, usiku na mchana, wakibinya mifuko kwa mikono yao. Watu wengi walipona kwa kazi ya mikono hiyo. Ninyi mnaojua kazi ya zamu mtaelewa maana yake.

Mpira wa kooni unaokoa, lakini una taabu zake. Mgonjwa hawezi kusema wala kula, lazima alazwe kwa dawa, na vijidudu vinapata njia ya kuingia mapafuni. Ndiyo maana wanganga walitafuta namna ya kusaidia pumzi bila mpira. Mwaka 1981, huko Sydney, Colin Sullivan na wenzake walitumia maski ya pua kwa watu ambao koo lao linajifunga usingizini. Baadaye maski ikaanza kutumiwa kwa wagonjwa mahututi.

Mwaka 1995 munganga Brochard wa Ufaransa na wenzake walitoa hesabu za wagonjwa 85 wenye mapafu yaliyochakaa, katika hospitali tano. Kati ya waliotibiwa kwa njia ya kawaida, 74 katika 100 walihitaji mpira wa kooni. Kati ya waliovaa maski, ni 26 tu. Waliokufa walikuwa 29 katika 100 upande mmoja, na 9 katika 100 upande wa maski.

Mwaka 2000 yakatoka majibu ya Uingereza, katika hospitali 14, na hayo ndiyo yanayotuhusu zaidi. Huko maski haikutumiwa katika chumba maalum cha wagonjwa mahututi. Ilitumiwa katika vyumba vya kawaida, na wauguzi wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Wagonjwa walikuwa 236. Vifo vilipungua kutoka 20 katika 100 mpaka 10. Lakini wale waliofika damu yao ikiwa imekwisha kujaa asidi nyingi hawakupata faida kama wenzao. Maana yake ni wazi: maski ile ile, muuguzi yule yule, lakini aliyekuja mapema alipata zaidi.

NANI ANASAIDIWA, NANI HAPANA

Maski inasaidia sana watu wa namna mbili. Wa kwanza ni mwenye mapafu yaliyochakaa, ambaye baridi au kikohozi kipya kimemzidi, na hewa iliyotumika imeanza kujaa katika damu. Wa pili ni mwenye moyo dhaifu au presha ya damu, ambaye maji yamejaa mapafuni: analala amekaa, anahema, pengine anatoa povu. Huyo maski inampa nafuu upesi, wakati dawa zinaendelea kufanya kazi yake.

Lakini maski haifai kwa kila mtu. Haifai kwa aliyezimia kabisa na hawezi kulinda koo lake, isipokuwa munganga mwenyewe aamue hivyo akiwa karibu. Haifai kwa anayetapika ovyo, maana matapishi yanaweza kusukumwa mapafuni. Haifai kwa mwenye jeraha kubwa la uso, wala kwa aliyekwama na kitu kooni. Aliyeangukiwa na jiwe kifuani lazima apimwe kwanza: ikiwa hewa imevuja kati ya pafu na mbavu, nguvu ya mashini inaweza kuizidisha. Na aliyevuta gesi ya moto au ya baruti shimoni, kazi ya kwanza ni kumtoa katika gesi bila mwokoaji kujiua, kisha kumpa oksijeni nyingi upesi. Kipimo cha 88 mpaka 92 si cha huyo. Zaidi ya hayo, kidude cha kidole kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati damu yake imejaa sumu.

Kwa hiyo munganga akikataa kumfunga mgonjwa wako maski, usidhani anamnyima. Na akiifunga kisha akaitoa na kutia mpira, usidhani amemharibu. Maski haikutosha, ndiyo maana wakapanda hatua ya pili.

SAA YA KWANZA NDIYO KAZI

Hapa tunasema na wauguzi wetu, lakini jamaa nao wasikie.

Kumfunga mtu anayehema maski usoni ni kama kumfunika mtu anayezama. Anaogopa, anapigana. Muuguzi anayejua kazi hafungi mikanda mara moja. Anamketisha mgonjwa, mgongo umeinuliwa. Anamweleza kwa lugha anayoijua. Anaishika maski kwa mkono tu, juu ya uso wake, kwa nguvu ndogo, mpaka mgonjwa azoee. Kisha ndipo anafunga, si kwa kukaza mno: vidole viwili vipite chini ya mkanda. Hewa ikivuja kidogo pembeni si kitu. Ikivuja kwenda machoni, au mashini ikilia, lazima irekebishwe.

Halafu asiondoke. Ahesabu pumzi. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika moja. Mgonjwa aliyekuwa na 35, baada ya saa moja akiwa na 25, akifumbua macho na kujibu, anaelekea vizuri. Akibaki vile vile, au akizidi kusinzia, munganga aitwe sasa, si asubuhi. Mahali penye kipimo cha asidi ya damu, kipimwe kabla, na tena baada ya saa moja au mbili. Mgonjwa ambaye hapati nafuu kabisa katika saa za kwanza anahitaji njia nyingine, na kumwacha katika maski ni kumpotezea wakati.

Ngozi ya juu ya pua inachubuka upesi. Itazamwe mara kwa mara, tena iwekewe kitambaa laini kabla ya kuwa kidonda.

KAZI YA JAMAA

Ninyi mnaowachunga wagonjwa mna kazi kubwa. Bibi wa mgonjwa, au mtoto wake, ndiye anayeweza kumtuliza kuliko sisi wote. Fanyeni hivi:

1. Kaa upande anaokuona. Mshike mkono. Mwambie apumue polepole pamoja na mashini, asishindane nayo.

2. Usiiondoe maski kwa huruma. Katika siku ya kwanza inafaa kuvaliwa saa nyingi kadiri inavyowezekana. Akitaka kunywa, kutema au kusema, mwite muuguzi, naye atamtolea kwa dakika chache.

3. Usimlishe akiwa na maski. Bukari na mchuzi vingoje. Wakati wa kupumzika maski apewe uji au maji kidogo kidogo, ameketi.

4. Akitaka kutapika, fungua maski mara moja, mwinamishe upande, kisha piga kelele. Mwombe muuguzi akuonyeshe mapema mahali pa kufungulia.

5. Usiguse vifungulio vya mashini wala vya oksijeni. Usivute tumbako wala kuwasha moto chumbani. Oksijeni inachochea moto.

6. Fungua madirisha. Mashini inatawanya pumzi ya mgonjwa, na mwenye kifua kikuu anaweza kuwaambukiza walio karibu. Watu wawili wanatosha kitandani. Ukoo mzima ubaki nje.

MASHINI BILA WATU

Sasa tunasema na wakubwa wa kazi, kwa heshima.

Kuna njia rahisi ya kusaidia pumzi ya watoto wachanga na wadogo wenye homa ya mapafu. Oksijeni inapita puani kwa mirija, na mwisho wa bomba unatiwa ndani ya chupa ya maji, kina cha sentimita 5 hivi. Mapovu yakitoka, nguvu ya kushika vijumba imepatikana. Huko Dhaka, Bangladesh, munganga Mohammod Jobayer Chisti na wenzake walitumia hata chupa ya shampuu. Majibu yao yalitoka mwaka 2015: kati ya watoto waliopewa oksijeni ya kawaida, walikufa 15 katika 100. Kati ya waliopewa mapovu, walikufa 4 katika 100. Wanganga walikuwa karibu na watoto hao mchana na usiku.

Mtu akisoma hayo atasema: "Basi, tununue chupa, tumalize." Ngoja kwanza. Mwaka 2019 yakatoka majibu ya Malawi, kutoka hospitali ya wilaya ya Salima. Watoto walikuwa 644, wagonjwa sana, wengine wenye utapiamlo au virusi vya ukimwi. Mashini ya mapovu ilikuwapo. Lakini munganga hakuwa anawaangalia kila siku. Kati ya waliopewa oksijeni ya kawaida, walikufa 11 katika 100. Kati ya waliopewa mapovu, walikufa 17. Wengi zaidi!

Watoto wa Salima hawakuwa sawa na wa Dhaka, wala mashini zao hazikuwa zile zile. Lakini sisi tunaona somo moja lisilokwepeka. Mashini ya pumzi ni sehemu tu ya kazi. Ukiweka mashini mahali pasipo mtu wa kumwangalia mgonjwa, umeweka kitu kizito juu ya mtu dhaifu.

Kwa hiyo, ikiwa fedha ni kidogo, tunashauri utaratibu huu. Kwanza, wauguzi wafundishwe, na wawe wa kutosha kwa zamu zote tatu, hasa zamu ya usiku. Pili, kila chumba kiwe na kidude cha kupimia oksijeni kidoleni na saa ya kuhesabia pumzi. Tatu, oksijeni yenyewe isikosekane. Nne, umeme wa akiba uwepo, betri au jenereta iliyojaribiwa kila juma. Shaba ya Katanga inabeba umeme wa dunia nzima, lakini umeme wa Nseke na Nzilo ukikatika usiku, mgonjwa wa maski hana dakika za kungoja. Ndipo, ya tano, mashini zinunuliwe, pamoja na maski za vipimo mbalimbali, vichujio na vipuri.

Wengine watasema: "Ninyi mnachelewesha maendeleo. Lete mashini kwanza, watu watajifunza." Tunawajibu kwa swali la kazini. Nani kati yenu angempa kijana funguo za gari la tani mia, eti atajifunza njiani?

MASKI HAIFUTI MAVUMBI

Sasa tunarudi kwako, ndugu wa shimo, na kwa yule Drinker wa Boston.

Mawe yetu ya Katanga yana silisi. Safu moja ambayo wajuzi wa jeolojia wanaiita R.S.C. imebeba silisi katika jina lake lenyewe. Unapotoboa na kuvunja mawe, mavumbi unayoyaona yanaanguka chini au yanakwama puani. Yanayoua ni yale usiyoyaona, chembe ndogo chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Yanafika mpaka vijumba vya mwisho na kubaki humo. Mapafu yanayazungushia kovu, na kovu halipumui. Ugonjwa huo ni silikosi. Hauna dawa ya kuuondoa, na tena unafungulia kifua kikuu mlango.

Maski ya hospitali haiyeyushi kovu. Pafu lililogeuka jiwe halifunguki kwa kusukumwa hewa. Mtu asije akasema: "Sasa hospitali ina mashini, hata nikila mavumbi watanitengeneza." Huyo amejidanganya.

Kwa hiyo toboa kwa maji, usitoboe pakavu kwa sababu ya kukimbilia mwisho wa zamu. Nyunyizia mawe kabla ya kuyapakia. Baada ya kulipua, ngoja saa zilizoamriwa mpaka hewa isafishwe. Maski ya mavumbi ivae usoni, na ndevu zisiinue ukingo wake. Nguo za kazi usizikung'ute nyumbani mbele ya watoto. Siku ya kupigwa picha ya kifua, nenda. Tumbako, iache: mavumbi na tumbako vinasaidiana kuharibu.

Nanyi mama, mwezi wa sita na wa saba baridi ikiuma, msiingize mbabula ndani ya nyumba na kufunga madirisha. Moshi wa kuni unachakaza mapafu yenu na ya watoto, na gesi ya makala inaweza kuua nyumba nzima katika usiku mmoja. Mashini ya hospitali si ya wanaume wa shimoni peke yao. Hata mama aliyepika miaka mingi katika moshi anaweza kuihitaji.

USINGOJE

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Wafanyakazi wengi wanaficha kuhema kwao kwa kuogopa kuondolewa kazini. Tunaelewa woga huo, kwa maana una watoto wa kulisha nyuma yake. Ndiyo maana tunawaomba wakubwa wa kazi waseme wazi kwamba anayekuja mapema hataadhibiwa kwa kuja kwake. Na wewe mfanyakazi, kumbuka kwamba aliyebaki kimya mpaka akaanguka anapoteza kazi na pumzi pamoja.

Nenda hospitali siku ile ile ukiona mojawapo ya dalili hizi:

Mtu hawezi kumaliza maneno matano bila kuvuta pumzi. Anapumua zaidi ya mara 25 kwa dakika akiwa amekaa. Midomo au kucha zimegeuka rangi. Analala akiwa ameketi. Anaamka asubuhi na kichwa kizito kinachouma, tena anasinzia mchana na kuchanganya maneno. Na kwa mtoto: mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, au anakataa ziwa.

Ukifika, na munganga akisema maski, usilie. Muulize: itakaa muda gani, nani atamwangalia usiku huu, na mimi nifanye nini? Maswali hayo ni haki yako. Muuguzi mwema hatachukizwa nayo.

Maski ya mavumbi kazini, kila siku. Maski ya pumzi hospitalini, mapema, ikiwa lazima. Mwenye kuheshimu ile ya kwanza huenda asiione ya pili.